TULISOMA KWA SIKIO



 

Ndugu wasomaji, mhariri wa jarida letu alipotuomba tuandike juu ya kujiandaa na mitihani, kwanza tulicheka, kwa sababu miongoni mwetu yumo aliyeanguka mtihani wa kidato cha pili na akarudia darasa. Mhariri akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwenu." Basi tumeandika.

Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja, wa hapa hapa Tanga, na sote tumesoma katika madrasa hii tangu wakati wa kubebewa juzuu. Mkubwa ni mvulana na mdogo ni msichana. Tumepishana mwaka mmoja na miezi michache. Haya tumeyatunga pamoja. Mkubwa alisema na mdogo akaandika, kisha mdogo akamsomea kaka yake, naye akakataa kila sentensi aliyoona si ya kweli. Zilizobaki ndizo hizi.

Katika shule ya msingi mkubwa alichelewa sana kujua kusoma. Wenzake wa darasa la pili walipokuwa wanasoma hadithi, yeye alikuwa bado anapigana na b na d. Leo aliandika "baba", kesho akaandika "dada", na kumbe amemkusudia mtu yule yule. Walimu waliona ni mzembe. Majirani waliona amehusudiwa. Mama alimpeleka hospitali kupimwa macho, akaambiwa macho ni mazima, kisha akamnywesha kombe. (Hatukejeli dua, Mwenyezi Mungu atuepushe na hilo. Tunasema tu kwamba kombe lilinyweka na b ikabaki d.)

Hata hivyo lugha yetu ya Kiswahili ina huruma. Kila herufi ina sauti yake na haimgeuki msomaji: "ba" ni "ba" popote utakapoikuta. Kwa hiyo, pole pole, alipofika darasa la tano mkubwa alikuwa anasoma, ila kwa mwendo wa kobe, na akifika mwisho wa aya ameshasahau mwanzo wake. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu wote wa kuchagua herufi ya jibu. Akapita, na nyumbani ikapikwa pilau.

Kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza, na lugha hiyo haina huruma ile. Mtu aonyeshwe "though", "through", "thought" na "tough", kisha aambiwe kwamba kila moja lina sauti yake na herufi zinakaribia kuwa zile zile! Sisi wenye macho ya kawaida hukariri tukapita. Mkubwa alikuwa anaziona herufi vizuri kabisa, lakini hakuweza kuzifungamanisha na sauti zake kwa haraka inayotakiwa, na mwalimu ameshafuta ubao. Madaftari yake yalikuwa na vichwa vya habari na nusu ya mstari wa kwanza. Novemba 2019 alifanya mtihani wa kidato cha pili, akaanguka. Januari 2020 akaingia darasani akamkuta mdogo wake amekaa.

Tusiifiche fedheha hiyo. Katika nyumba zetu kaka ni kaka. Ndiye anayetangulia kuswalisha wadogo, ndiye anayetumwa dukani usiku. Sasa kaka huyo amekaa dawati moja na dada yake, na tumeambiwa kwamba akianguka mara ya pili hataendelea. Mwezi mzima hatukuzungumza njiani. Tulikwenda shule mmoja mbele, mmoja nyuma.

Mwezi wa pili tukafanya kosa kubwa. Lilikuwa jaribio la jiografia. Mdogo alimwonea kaka yake huruma, akasogeza karatasi yake ili mwenzake anakili. Alinakili, lakini aliruka mstari mmoja. Kuanzia swali la nne hadi la kumi kila jibu lake lilikuwa sahihi, ila la swali linalofuata. Mwalimu alizilaza karatasi zetu mbili juu ya meza, sambamba, na hakuhitaji kuuliza. Tulipewa sifuri wote wawili, na tukachapwa mstarini mbele ya shule nzima. Adhabu tuliistahili, kwani udanganyifu ni udanganyifu hata ukifanywa kwa huruma. Lakini hakuna hata mmoja pale mstarini aliyejiuliza swali dogo: ni mtu gani huyu ambaye hata kunakili kunamshinda?

Habari zilimfikia Maalim wetu kabla ya Alasiri. Tulikwenda chuoni siku hiyo tukiwa tumejiandaa kwa fimbo nyingine.

Ni lazima tueleze kwamba chuoni mkubwa alikuwa na sifa nyingine kabisa. Alikuwa amehifadhi juzuu tano. Kwenye Maulidi yeye ndiye aliyetangulizwa kusoma. Kwa hiyo Maalim hakuelewa, na mtu asipoelewa, akiwa na hekima, hupima. Alifungua msahafu penye Surat Yasin, akamwambia mkubwa asome. Mkubwa akaanza, kidole kikitembea juu ya mistari, sauti ikishuka na kupanda vizuri. Maalim akafunua kurasa kadhaa mbele, taratibu, bila kusema neno. Mkubwa akaendelea na Yasin ile ile, kidole kikitembea juu ya sura nyingine.

Maalim akamsimamisha. Akaweka ncha ya kalamu juu ya neno moja katikati ya ukurasa, akauliza, "Hili?" Kimya.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "umekuwa ukinisomea kwa sikio."

Hakumchapa. Alikaa muda, kisha akasema kwamba anakumbuka kumpiga bakora alipokuwa mdogo kwa kuchanganya be, te na the, akamwomba radhi. Maalim akimwomba radhi mwanafunzi! Mkubwa hakujua aangalie wapi. Mdogo alikuwa upande wa pili wa pazia, akasikia yote, akalia.

Jioni hiyo Maalim alikuja nyumbani. Bahati njema shangazi yetu naye alikuwapo. Yeye ni mwalimu, na aliwahi kusomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha. Yeye ndiye wa kwanza kutamka neno "disleksia" katika nyumba yetu. Alieleza kuwa ni hali anayozaliwa nayo mtu. Ubongo wake hupata tabu kuzipambanua sauti za maneno na kuzifunga na herufi zake, na akili yake ni nzima kama ya yeyote. Haitokani na uvivu, wala macho, wala shetani. Haiponi kwa dawa, lakini mtu akifundishwa kwa njia inayomfaa husoma, na huendelea mbele. Kisha akasema kwamba mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo.

Baba yetu ni seremala. Hupima mbao kwa kamba na kwa kiganja, na hesabu zake hazikosei. Barua zote za nyumbani husomewa na mama, na siku zote husema ameacha miwani karakana. Shangazi aliposema habari ya ukoo, baba alinyamaza, akageuza kofia yake mikononi. "Basi na mimi," akasema. Hakusema zaidi, nasi hatukumuuliza. Ila tangu siku hiyo hatujamsikia tena akitaja miwani.

Tulimwomba shangazi atusimulie zaidi, akatupa kisa ambacho mkubwa hakukisahau. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alikuwa mwerevu, hodari wa hesabu, hakupitwa na wenzake katika michezo, lakini kusoma kulimshinda licha ya kufundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alieleza kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusemwa kwa mdomo, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Mkubwa aliposikia hivyo alisema, "Huyo ni mimi," akaomba kisa kirudiwe.

Maalim naye alikuwa na lake. Alitukumbusha kwamba maandishi ya mwanzo ya Qur'ani hayakuwa na irabu, na nukta zake zilikuwa chache sana au hazikuwapo. Waarabu waliohifadhi kwa kusikia hawakuzihitaji. Uislamu ulipoenea kwa watu wa lugha nyingine na makosa ya kusoma yakazidi, ndipo wanazuoni walipoweka alama. Husimuliwa kwamba Abul-Aswad Ad-Duali ndiye aliyeanza na irabu za nukta za rangi, na baada yake Al-Khalil bin Ahmad akaziboresha zikakaribia hizi tunazozijua. "Kwa hiyo fat-ha na kasra," akasema Maalim, "ni msaada uliowekwa kwa ajili ya wanaotatizika. Sote tunautumia na hakuna anayeona haya." Akataja na ile hadithi iliyopokewa kwa Bibi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa tabu na kutatizika ana malipo mara mbili. Tuliisikia mara nyingi kabla ya hapo, lakini siku zote tulidhani inawahusu wazee.

Mwezi uliofuata, Machi 2020, shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, na zetu hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Kwa wengi ulikuwa wakati wa hasara. Kwetu ndio uliotuokoa.

Tulianzia jikoni. Mkubwa alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, mdogo akasoma daftari la historia kwa sauti. Nazi mbili zilikwisha na somo likawa limekwisha. Mdogo akamjaribu kwa maswali, naye akayajibu yote, hata yale ambayo mdogo mwenyewe alikuwa ameyapitia bila kuyaelewa. Tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

Baada ya hapo tukarekodi. Mama alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka lakini kinasa sauti chake kizima. Mdogo alisoma kila mada kwa dakika kumi hivi, si zaidi, kwani shangazi alituonya kwamba sikio nalo huchoka. Mkubwa alisikiliza akienda kisimani, akifagia karakana, akirudi msikitini. Usiku alimweleza dada yake mada ile kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza kibovu, kisha kwa Kiingereza kisichokuwa kibovu sana.

Hapo ikadhihirika aibu ya pili, nayo ni ya mdogo. Yeye alikuwa akipata alama nzuri kwa kukariri. Mkubwa kila mara aliuliza, "Kwa nini?" na mdogo hakuwa na jibu ila kurudia sentensi ya daftari. Siku moja tulikuwa kwenye somo la biolojia, osmosisi, maji yanavyopita kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Mdogo alikuwa na tafsiri yake yote kichwani, neno kwa neno. Mkubwa akaangalia uani, akaona maembe ya achari ambayo mama ameyatia chumvi, yamesinyaa na maji yamejaa bakuli. "Si ndiyo hiyo?" akasema. Ndiyo hiyo. Mdogo alikula achari miaka kumi na sita na kukariri osmosisi miaka miwili, na vitu hivi viwili havikuwahi kukutana.

Kusoma kwenyewe hatukukuacha. Mtihani haumjui anayesikia, unamjua anayesoma na kuandika. Tulikata kipande cha boksi tukakitoboa tundu refu, mstari mmoja tu ukaonekana kwa wakati mmoja na mingine ikafichika. Tuliandika kwa herufi kubwa na kuruka mstari. Maneno ya maswali yalikuwa fitina peke yake, kwani "Define", "Describe", "Discuss", "Distinguish" na "Differentiate" yote yanaanza na herufi ile ile, na kila moja linataka jibu la namna yake. Tuliyagawa kwa urefu na kwa herufi za mwisho, tukayatia rangi. Tahajia zake tulizitia katika mahadhi ya kaswida, herufi kwa herufi, na kupiga makofi. Bibi alidhani ni kaswida mpya kutoka Unguja, akauliza imetungwa na nani.

Novemba 2020 mkubwa akapita kidato cha pili. Si kwa alama za kutangaza, lakini akapita.

Kidato cha nne kilikuwa kigumu zaidi, na hapa tuna la kuwaambia wazazi. Shangazi alitueleza kuwa nchini Uingereza mtahiniwa aliyethibitishwa kuwa na hali hii huweza kuongezewa robo ya muda. Hapa kwetu nako shule hutakiwa kutoa taarifa za watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila mapema, wakati wa usajili. Sisi hatukujua. Baba alikwenda shuleni mwezi wa tisa, amevaa kanzu ya Ijumaa, akajibiwa kwamba usajili umekwishafungwa na kwamba, kwa vyovyote, mtoto anayetembea na kuona hana ulemavu. Alirudi hakusema mengi. Mwenye mtoto wa hali hii aanze kuuliza kidato cha tatu, tena aende na barua ya mtaalamu mkononi.

Basi Novemba 2022 tukaingia ukumbini na muda ule ule wa watu wote. Siku ya kwanza msimamizi alikiona kile kipande cha boksi, akakichukua. Kwake yeye ni karatasi iliyoingizwa kwenye mtihani, na hatumlaumu sana. Mkubwa akatumia rula badala yake, akiiteremsha mstari kwa mstari. Mdogo, aliyekaa safu tatu nyuma, aliiona rula ile ikishuka. Yeye ameshafika swali la pili na rula ya kaka yake bado iko kwenye maelekezo ya ukurasa wa kwanza. Miaka miwili alikuwa amemsomea kila kitu, na sasa sauti yake haikuwa na kazi yoyote mle ndani. Anakiri kwamba alitamani kukohoa, kufanya chochote. Hakufanya. Aliinamisha kichwa akaandika la kwake.

Katika historia mkubwa hakumaliza swali la mwisho. Katika uraia alilichukulia "Differentiate" kuwa "Describe", akaeleza kitu kimoja vizuri sana badala ya kutofautisha viwili. Alitambua usiku, tumelala, akagonga ukuta wa chumba cha pili kumwambia mwenzake.

Matokeo yalitoka Januari 2023. Mdogo alipata daraja la pili. Mkubwa alipata daraja la tatu: Elimu ya Dini ya Kiislamu B, Kiswahili na biolojia C, na Kiingereza F. Hiyo F tumeitaja kwa makusudi, maana tunaona watu wakisimulia visa kama hivi huishia na mtoto amekuwa wa kwanza mkoani. Swali la osmosisi, mkubwa anasema, lilikuwamo, na hakuna aliyelijibu vizuri kumshinda yeye. Hatuna namna ya kuthibitisha.

Sasa mdogo yuko mbali, masomoni katika mkoa mwingine, na mkubwa amechukua ufundi wa umeme. Nyaya zina rangi, na vitendo havimpi shida. Nadharia bado ina mitihani ya kuandika. Ujumbe wa maandishi hatutumiani. Tunarekodi sauti, na simu yake siku hizi humsomea maandishi, ingawa analalamika kwamba inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka melini jana.

Siku yake ya kwanza chuoni alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya shuleni. Alibaki nyuma wenzake walipotoka, akamwambia mwalimu, "Mimi nina disleksia." Mwalimu hakulijua neno hilo. Akamwuliza maana yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza anataka asaidiweje.

"Nisomee maswali mara moja kwa sauti," akasema mkubwa. "Nitakayosikia yatanitosha."